Kilima Hakirefuki

Uru, Moshi
3 Septemba 1995

Mwanangu Anyesi,

Salamu hizi zikukute umeketi, ingawa najua wakunga hawaketi. Huku tumeamka. Upepo wa Agosti umeangusha migomba ya chini. Watu wanang'oa kahawa wanapanda nyanya, na mimi sing'oi kwa sababu tu jembe limeanza kunizidi uzito. Jirani yetu Ndelilio anakusalimu. Ulimi wake haujazeeka. Ndiye anayenipikia tangu mama yako mdogo Dominika atutoke, na kila akileta bakuli husema, "Kula, mwalimu, nisije nikaambiwa nimekuua mimi."

Koo langu linajifunga. Pale hospitali walinipiga picha, wakaniambia jina la ugonjwa kwa Kiingereza, wakidhani hivyo litauma kidogo. Mtori mwepesi wa ndizi unapita. Nyama imekataa. Nina miaka sitini na sita, kwa hiyo usilie, wengi wa rika langu wamekwisha kulala.

Binti yako Flavia hajambo. Kidato cha tatu kinamfaa. Jambo lililonifanya nichukue kalamu ni hili: tangu Juni anakimbia. Asubuhi anashuka darajani, anapanda ile njia yako mpaka kwenye isale, ule mmea wa mpakani wenye jiwe jeupe, na mimi nakaa pale juu na saa ya mbio. Anaandika kila siku kama ulivyoandika wewe: mpigo wa moyo kabla ya kutoka kitandani, hali ya hewa, alichokula, miguu ilivyokuwa, na muda. Nilimfundisha mimi, naye ni mwepesi wa kufundishika kuliko ulivyokuwa wewe, usiudhike. Juzi aliniambia, "Babu, ukinihesabia vibaya nitakupikia uji bila sukari."

Mwalimu wake wa michezo, kijana mmoja wa Sanya Juu aitwaye Filemon, anataka kumwingiza katika mbio za nyika za mkoa mwezi wa pili, na akishinda ataenda taifa. Anahitaji idhini ya mzazi. Viatu tumepata vya mtumba, vizuri, vimechakaa kisigino kimoja tu.

Nijibu mapema.

Baba yako mdogo,
Wenseslaus


Tunduru
1 Oktoba 1995

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako imekaa njiani wiki tatu. Sisi wazima. Mume wangu yuko machimboni, watoto wadogo wawili walipata malaria wakapona. Nimesikitika kuhusu koo lako. Mtori uchujwe, usimeze mapande, na ulale kichwa kikiwa juu.

Kuhusu Flavia, jibu ni hapana.

Wewe unajua kwa nini, ulikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, yatima ndani ya nyumba yako, na kitu pekee duniani kilichokuwa changu ni kile kilima. Madaftari yangu ninayo mpaka leo, yamo sandukuni. Januari 1976 nilianza na dakika kumi na mbili. Februari nikashuka mpaka kumi na moja na sekunde arobaini, nikaota mashindano ya taifa Dodoma, nikaota ndege. Kisha kila mwezi nikawa mzito zaidi. Nilipunguza chakula. Niliongeza safari, asubuhi na jioni. Damu ya mwezi ikakatika, nikafurahi, nikadhani mwili unajikaza. Agosti nilikuwa kumi na mbili tena, kama sijawahi kufanya mazoezi hata siku moja. Nakumbuka nilikuja juu nikatapika miguuni pako, nikakuambia, "Baba mdogo, kilima kimerefuka." Ukacheka. Ukasema, "Kilima hakirefuki, Anyesi. Miguu ndiyo inayofupika."

Oktoba mfupa wa muundi ukapasuka. Majaribio ya taifa yalifanyika nikiwa na plasta.

Sikulaumu. Ulinifundisha kukubali. Sentensi ile nimewaambia wanawake wengi waliong'ang'ania kitu ambacho mwili haukitaki. Lakini kwetu sisi moto huwaka mapema halafu ni majivu. Sitaki mwanangu ayajue hayo akiwa na miaka kumi na sita. Viatu mpe mwingine.

Niambie tu: muda wake unakwendaje?

Mwanao,
Anyesi


Uru
12 Novemba 1995

Mwanangu,

Tumepiga kura za vyama vingi, tumerudi nyumbani, na migomba haikujali. Mvua za vuli zimechelewa. Nimepungua, mkanda sasa una tundu jipya nililolitoboa kwa msumari. Paroko alikuja akanipa Komunyo, nikaipokea kipande kidogo mno, akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilimwambia Flavia aache. Hakuacha. Kwa hiyo nakupa ulichouliza: alianza na kumi na tatu, akafika kumi na mbili na nusu, tangu Septemba amekwama hapo. Mpigo wake wa moyo asubuhi unashuka vizuri. Muda haushuki. Ameanza kuacha nusu ya chakula. Ndelilio alimkuta ameketi karibu na isale analia, akamwambia, "Mtoto wewe, kimbia ukifukuzwa na nyuki, siyo bure." Flavia akasema mama yake alipita pale kwa kumi na moja, na yeye ana viatu, mama hakuwa na viatu.

Kuna jingine. Filemon alimpima uwanjani mjini, duara baada ya duara. Akapanda mpaka hapa kwa miguu siku hiyo hiyo, jasho jingi. "Mzee," akasema, "huyu mtoto uwanjani ni swala, kwako ni kobe. Mlima wako una nini?"

Nilimwambia mlima ni mlima.

Ningependa kukuandikia zaidi, lakini mkono umechoka.

Wenseslaus


Tunduru
10 Desemba 1995

Baba mdogo, shikamoo.

Sote wazima. Mvua imeanza.

Mkono wako haukuchoka. Mwandiko wa mtu aliyechoka naufahamu, ninausoma kwenye kadi za wauguzi wa zamu kila asubuhi. Herufi zako zimesimama wima mpaka neno la mwisho.

Nimesoma mstari wa Filemon mara nyingi. Uwanja umepimwa kwa kamba. Uwanja haudanganyi. Wewe ulinifundisha kwamba na kilima hakidanganyi. Sasa viwili visivyodanganya vinapingana, na katikati yake umekaa wewe na saa.

Nijibu hilo moja. Kama hujibu, Januari shemeji yangu Athanas atakuja Moshi kumchukua Flavia. Atakaa hapa, atakuwa mhudumu wa zahanati, ataolewa, hatapanda mlima wowote. Uchaguzi ni wako.

Anyesi


Uru
6 Januari 1996, Epifania

Anyesi,

Shikamoo yako nimeipokea. Baada ya barua hii huenda utaidai nikurudishie. Leo sianzi na migomba.

Kilima kilirefuka.

Nimeandika sentensi hiyo, nimeweka kalamu, nimekunywa maji kijiko kimoja kimoja. Sasa naendelea.

Unajua kwamba mwaka 1950 nilikimbia kutoka darajani mpaka kwenye isale kwa dakika kumi na moja na sekunde thelathini na tano. Padri mmoja Mzungu ndiye aliyepima, na saa ni hii hii aliyoniachia. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda mashindano Kampala. Baba yangu, babu yako, alikataa. Alisema mbio ni za mtu aliyeiba. Nikabaki, nikawa mwalimu, nikaoa, nikazika watoto wawili. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyenipa na hakuna aliyeninyang'anya. Kilabuni wakiniona walisema, "Huyo ndiye aliyepanda." Sikuhitaji zaidi.

Jumapili tarehe 8 Februari 1976 ulikuja juu umevaa sketi ya shule, miguu mitupu. Nilisimamisha saa. Ilikuwa kumi na moja na sekunde ishirini na mbili. Nilikusomea arobaini.

Uliangalia chini, ukasema, "Nilidhani ni pungufu." Ulikuwa na tabia ya kuhesabu moyoni unapokimbia. Nikajua kwamba saa siwezi kuitumia tena, utanishika. Binti mwembamba wa marehemu kaka yangu, anayekula kwangu, anavaa nguo kuukuu za mke wangu, alikuwa amenipita bila hata kujua.

Jumapili iliyofuata nilisema nina homa. Ninyi mkaenda misa. Nilichukua sururu, nikang'oa isale.

Lile isale alilipanda babu yako kuwa kona ya kihamba chetu, shamba letu la ukoo, na cha akina Ndelilio. Nilikuwepo alipolipanda. Alitemea mate ardhini akasema, atakayelisogeza, mifupa yake isipate pa kulala. Nilijiambia kwamba mimi sisogezi mpaka, nasogeza alama ya mbio. Msomi hakosi neno la kujifunika. Nililipanda upya juu kidogo, na lile jiwe la chokaa nikalisukuma pamoja nalo. Isale halina ugomvi, ukilichomeka popote linashika. Pale ni migomba kulia na migomba kushoto, kona zinafanana, na mtu anayekimbia kwa roho yake yote haoni kitu ila jiwe jeupe mwishoni. Ukaja Jumatatu. Ukapata kumi na moja na hamsini. Uliandika kwa mkono wako mwenyewe. Daftari lako halikuwa na uongo hata mmoja, Anyesi. Uongo ulikuwa ardhini.

Nilidhani mara moja ingetosha. Lakini ulikuwa unaimarika. Kila nilipolisogeza ulilifikia. Ilinibidi nilisogeze mara tano kufikia Septemba, kila mara baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Ukijumlisha zote, ni viwanja viwili vya mpira, na vyote mwinuko. Ulikuwa unakimbia umbali ambao haujawahi kukimbiwa na mtu, unajiita mvivu.

Nami nilisimama juu, nyuma ya kona, nikipaza sauti: "Kaza! Bado kidogo tu!" Sauti ile ilikuwa ya furaha. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ukinisamehe bila kulijua utakuwa umemsamehe mtu mwingine.

Nilikuona ukichechemea wiki mbili kabla mfupa haujapasuka. Ulipolalamika nilikujibu kwamba maumivu ni uvivu unaotafuta jina. Nilikuwa nimelitunga darasani, nikalipenda.

Aliyeniona ni Ndelilio peke yake. Alidhani naiba shamba lake. Alisimama kwenye migomba akaniambia, "Wewe Wense, udongo utaula na kiburu cha ndizi na maharage?" Baadaye nilimkatia kipande cha kihamba chetu ili aache kusema. Nilichagua kuitwa mwizi wa ardhi kuliko kujulikana ni mwizi wa nini.

Ulipoondoka na mguu wako kwenda chuo cha ukunga, sikulirudisha isale. Ningelirudisha ningekuwa nimekiri, hata kama ni kwa migomba tu. Tena palikuwa na faida: tangu hapo hakuna kijana wa Uru aliyenikaribia. Mpaka leo wanasema hakuna aliyepanda kama mwalimu. Na sasa Flavia anakimbia kuelekea jiwe lile lile, analinganisha muda wake na Februari yako, analia.

Sijamwambia. Nakuachia.

Ndani ya bahasha hii kuna jani la isale. Nimelifunga fundo kama inavyotakiwa. Huna haja ya kukumbushwa maana yake: anayetumiwa isale hawezi kukataa, akikataa laana inahama kutoka kwa mkosaji inakwenda kwake. Limetoka kwenye isale lile lile, sikuwa na jingine lenye haki. Paroko ananiambia Mungu amekwisha kunisamehe. Mungu hakuvunjika mfupa. Nataka nisikie kwa mdomo wako, tunywe kibuyu kimoja kama desturi inavyosema, halafu nife. Njoo, mwanangu. Daktari hasemi miezi tena, anasema wiki.

Wenseslaus


Tunduru
4 Februari 1996

Baba mdogo, shikamoo.

Shikamoo ile ya awali sikudai. Wote wazima, watoto wanakusalimu.

Jani limefika, halijanyauka sana. Nimelipokea kwa mikono miwili.

Flavia akimbie. Idhini yangu ya maandishi imo humu, mpe Filemon. Lakini umwambie wewe, kwa kinywa chako, ukiwa umesimama pale penye jiwe, Filemon na Ndelilio wakiwepo. Usiseme "kulikuwa na kosa la vipimo." Sema ulivyoniandikia mimi. Kisha jiwe lirudi mahali pake.

Nitakuja. Neno kama hili haliletwi na posta. Nimeomba likizo, nitakuwa Uru Jumamosi tarehe 2 Machi. Usichoke. Nisubiri.

Anyesi


Uru
4 Machi 1996

Mwanangu,

Aika, asante, barua yako ilinikuta hai, na tangu nilipoisoma nimeanza kumeza vizuri zaidi, au nadhani hivyo.

Nilifanya ulivyosema. Walinibeba kwa kiti mpaka juu, nikasimama kwa kumshika Filemon. Nilisema yote. Ndelilio alikaa kimya, jambo ambalo sijaliona katika maisha yangu, halafu akasema, "Miaka ishirini nimekulaani kwa dhambi ndogo." Kipande cha shamba anasema harudishi. Filemon alipima kwa kamba kuanzia darajani. Shimo la zamani la babu yako tulilipata, mawe ya pembeni bado yapo chini ya majani. Flavia alichimba mwenyewe, akalibeba isale begani, akalipanda. Hakuniangalia. Kesho yake alikimbia: kumi na moja na sekunde kumi na nne. Aliandika, akafunga daftari, akaenda kukamua ng'ombe.

Tarehe 24 Februari alishinda mkoani. Anakwenda taifa Juni.

Uji wake hauna sukari tangu siku ile pale penye jiwe. Nanywa.

Jumamosi nilikaa langoni kuanzia saa moja asubuhi. Nilikataa sindano ya usingizi ili unikute na akili zangu. Ilipofika jioni Ndelilio alinifunika blanketi akasema, "Njia ya Tunduru ni ya matope, mwalimu, si ya malaika." Najua. Natumaini hukupata ajali. Niandikie.

Wenseslaus


SIMU YA MAANDISHI
Tunduru, 8 Machi 1996

GARI LIMEKWAMA NAMTUMBO. NIMERUDI. NITAKUJA JUMAPILI YA MATAWI. NISUBIRI. ANYESI


Uru
1 Aprili 1996

Anyesi,

Jana waliporudi na matawi nilikuwa langoni. Kila mtu aliyepita alinisalimia, nikaona aibu kumtazama kila mmoja mara mbili kuhakikisha si wewe.

Maji yanapita kwa kijiko. Mtori umeanza kukataa. Maumivu sasa yamehamia mgongoni, nayo hayatafuti jina.

Flavia amefunga shule kwa Pasaka, anakuja huko kwenu kukuona. Nimempa barua hii mkononi ili isichelewe. Kama utaweza, rudi naye.

Baba yako mdogo


Tunduru
9 Aprili 1996

Baba mdogo, shikamoo.

Flavia amefika salama, amekuwa mrefu. Tumekula Pasaka pamoja. Asubuhi anatoka kukimbia mpaka mtoni, nami nampimia.

Zamu zimenibana, mkunga mwenzangu amejifungua. Ni kichekesho, lakini ndivyo. Nitakuja Pentekoste, hakika. Umevumilia mpaka hapa, usikate tamaa sasa.

Nisubiri.

Anyesi


Uru
28 Aprili 1996

Anyesi,

Naandika mistari mitatu kwa siku, kwa hiyo usishangae wino unabadilika.

Flavia amerudi. Nilimwuliza njia ikoje. Akasema, "Nzuri, Babu. Tulisukuma basi mara moja tu." Nikamwuliza kama mama yake ana kazi nyingi. Akasema ulikuwa likizo wiki mbili zote alizokuwa huko.

Nikakaa na hayo siku nzima. Kisha nikaomba almanaka ya parokia ukutani, nikatia alama kwa kalamu: tarehe 2 Machi, Matawi, Pentekoste. Niliitazama kama ninavyotazama ramani, maana nilikuwa mwalimu wa jiografia. Kila mara ni juu kidogo. Kila mara nikifika karibu, jiwe jeupe liko nyuma ya kona inayofuata.

Sasa naelewa, mwanangu. Unalisogeza.

Sitakulaumu, nimefundisha mwenyewe. Nataka tu kukuambia mambo mawili. La kwanza, Filemon alichukua muda wako wote ulionitajia, akapima na kila shimo nililomwonyesha, akapiga hesabu usiku mzima nyumbani kwake mtaa wa Soweto mjini, akaniletea karatasi. Anasema mwezi wa Agosti, ulipotapika miguuni pangu, ulikuwa unapita isale la kweli kwa chini ya dakika kumi na moja. Flavia hajafika hapo. Mimi sikukaribia. Filemon anasema mwaka ule nchi nzima hakukuwa na msichana wa kukushika.

La pili ni ombi, na si la msamaha. Niambie ukweli: utakuja au hutakuja? Mtu akijua hakuna jiwe, anaweza kuketi chini njiani akapumzika. Kinachoua ni kuliona. Daktari anashangaa kwa nini niko hai, anasema mwili huu ulipaswa kuacha tangu Kwaresima. Sikumwambia ni nini kinachonivuta. Kila usiku najiambia, kesho. Mifupa inauma, Anyesi. Ukiandika neno moja tu, "Siji," nitaacha siku hiyo hiyo. Nakuomba.

Wenseslaus


Tunduru
12 Mei 1996

Baba mdogo, shikamoo.

Wote wazima. Mihogo imestawi. Mume wangu amerudi kutoka machimboni mikono mitupu, lakini amerudi.

Umeniuliza ukweli. Siku jani lako lilipofika nilifungua sanduku nikatoa madaftari yangu ya 1976. Nililiweka jani kwenye ukurasa wa tarehe 16 Februari, siku ya kwanza niliyokimbia juu ya uongo wako. Nilisoma siku ile: mpigo wa moyo, ndizi mbili za kuchemsha, mvua nyepesi, miguu mizito sijui kwa nini. Nikakusamehe siku ile. Ya kweli, kwa moyo wangu wote. Asubuhi iliyofuata nikasogeza jani ukurasa mmoja.

Ndivyo ninavyofanya. Siku moja kwa siku moja, kama nilivyozikimbia. Sikuweza kuzisamehe zote kwa mkupuo, kwa sababu sikuziishi kwa mkupuo. Siku nyingine ni nyepesi, nasoma nanawa uso naenda kazini. Siku uliyosema maumivu ni uvivu sijaifikia bado. Ile ya kutapika sijaifikia, na sasa umeniongezea karatasi ya Filemon, kwa hiyo Agosti itanichukua muda mrefu zaidi ya ilivyopaswa. Leo jani liko mwishoni mwa Mei. Madaftari yanaishia Oktoba.

Isale sijalikataa, kwa hiyo laana haina pa kwenda. Na sitakuandikia neno unalotaka, maana si kweli. Nitakuja. Nikimaliza ukurasa wa mwisho nitapanda basi siku hiyo hiyo, nikiwa na jani lako mkononi, tutakunywa kibuyu kimoja.

Ndelilio akuinue mito mgongoni. Maji kijiko kimoja kimoja. Usiketi njiani.

Kaza, baba mdogo. Bado kidogo tu.

Anyesi